Pima Udongo Kabla ya Kununua Laina ya Kidimbwi

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wafugaji wa samaki na vikundi vya akina mama na vijana, Kombewa, Kaunti Ndogo ya Seme



Niseme mapema kwamba mimi si mtaalamu wa samaki. Nilisomea uandishi wa habari, na kazi niliyopewa na kaunti ni kuwauliza wanaojua maswali kwa niaba yenu, kisha kuwaletea majibu kwa lugha ambayo mtu haihitaji kwenda chuo ili aielewe. Haya nitakayosema nimeyapata kwa maafisa wetu wa uvuvi, katika miongozo ya FAO, ambalo ni shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, na kwa wafugaji walionikubalia niingie mashambani mwao na kuona vidimbwi vyao, vizuri na vibaya. Uvuvi na kilimo ni kazi za serikali ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hivyo mkimwendea afisa wa uvuvi kumuuliza jambo, hamwombi hisani. Mnadai haki yenu.

Swali ninaloulizwa zaidi ni moja: laina gani ni nzuri? Mtu amechimba shimo au anataka kuchimba, ana pesa za chama au mkopo wa SACCO, na anataka nimwambie jina la duka. Duka sitataja. Lakini swali lenyewe limerukia mbali. Kabla ya kuuliza laina gani, uliza kama shamba lako linahitaji laina hata kidogo. Wako watu wanaolipa pesa nyingi kutandika plastiki juu ya udongo ambao ungeshika maji wenyewe. Na wako wengine wanaotandika nailoni ya kujengea nyumba juu ya mawe, halafu baada ya msimu mmoja wanabaki na shimo kavu na deni.

Wengi wetu tunakumbuka 2009, wakati Serikali ya Kitaifa ilipoanzisha mpango wa kuchochea uchumi. Ufugaji wa samaki ulipelekwa katika maeneo bunge 140, vidimbwi 200 kila eneo, kila kimoja mita 300 za mraba, pamoja na vifaranga 1,000. Vijana walichimba, wakalipwa, samaki wakaliwa. Tembea leo uone vilivyobaki. Vingine vinaendelea kuzalisha, na wenye navyo wanajulikana. Vingine ni mashimo yenye nyasi ambamo ng'ombe wanalishwa. Sababu ni nyingi: chakula cha samaki ni ghali, soko, wizi, mwenye shamba kuchoka. Lakini sababu moja inaonekana kwa macho. Maji yalipotea ardhini kwa sababu kidimbwi kilichimbwa mahali ambapo hakuna aliyejaribu udongo.

Sasa tutazame udongo wetu hapa Seme. Mkitoka Kisian kuelekea Bondo mnaona mawe makubwa yamepangana juu ya mengine, na Kit Mikayi ndiyo mashuhuri zaidi. Mawe hayo ni ya aina ya graniti. Graniti ikiliwa na mvua na jua kwa miaka mingi huacha mchanga na changarawe. Kwa hivyo yako mashamba mengi hapa ambapo jembe likiingia kidogo tu unasikia linakwaruza. Udongo wa namna hiyo hunywa maji. Tofautisha na ndugu zetu wa Kano. Kule Ahero mpunga unasimama ndani ya maji miezi mizima, na hakuna aliyetandika plastiki chini ya shamba la mpunga. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi ukishiba maji unafura na kuziba wenyewe. Ubaya wake ni kwamba ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, kwa hivyo kidimbwi cha mfinyanzi hakitaki kuachwa kikavu muda mrefu.

Lakini hata ndani ya Seme, udongo wa jirani yako si lazima uwe wako. Bondeni karibu na kijito unaweza kupata mfinyanzi mzuri, na mlimani mita 200 kutoka hapo ukapata changarawe tupu. Ndiyo maana kipimo kinafanyiwa pale pale unapotaka kuchimba.

Kipimo cha kwanza hakigharimu hata shilingi. Chimba kidogo, chukua udongo wa chini, si ule wa juu wenye majani. Ulowanishe, ufinyange uwe mpira kama wa ugali mkononi, uurushe juu kiasi cha kichwa na kuudaka. Ukisambaratika, una mchanga mwingi. Ukishikana, endelea na kipimo cha pili.

Chimba shimo la kina cha kiuno. Asubuhi mapema lijaze maji hadi juu. Yataanza kushuka, usishtuke. Udongo mkavu lazima unywe kwanza. Jioni lijaze tena hadi juu, ulifunike kwa matawi au mbao ili jua na mbuzi wasikudanganye. Kesho yake asubuhi tazama. Kama maji mengi bado yapo, udongo wako unashika na huhitaji laina. Pesa hizo nunua vifaranga bora na chakula. Kama shimo ni kavu, au limebaki tope chini, hapo ndipo tunazungumza habari ya laina.

Kuna jibu la tatu ambalo watu wa karibu na ufuo mnalijua. Unachimba shimo, na kabla hujamwaga maji, maji yanajitokeza yenyewe kutoka chini. Hapo tafadhali usitandike plastiki. Plastiki hii ni nyepesi kuliko maji. Maji ya ardhini yakipanda yanaisukuma kutoka chini, nayo inaibuka katikati ya kidimbwi kama mgongo wa kiboko. Samaki wanakwama kwenye mikunjo, na ukiikanyaga kuirudisha inachanika. Kumbukeni pia 2020, ziwa lilipopanda na kuingia kwenye makazi ya watu. Maji ya ardhini kwenye mashamba ya ufuoni huenda pamoja na ziwa. Shimo lililokuwa kavu mwaka mmoja linaweza kuwa chemchemi mwaka mwingine. Kwa mashamba hayo kidimbwi cha udongo ndicho kinachofaa, na kama sehemu yako hufurika, jibu la kweli ni kutafuta mahali pengine palipoinuka.

Na walio katikati, ambao udongo wao unavuja kidogo tu? Kabla ya laina, fikiria mfinyanzi wa kuleta. Udongo wa kichuguu, ule ambao akina mama wanausiriba nyumba, ukisambazwa sakafuni na kando za kidimbwi kwa unene wa sentimita 15 hadi 30, ukiloweshwa na kushindiliwa tabaka kwa tabaka, unaziba vizuri. Ni kazi ya mikono na mgongo, lakini kikundi cha watu 15 kinaimaliza.

Haya, tuseme umepima na jibu ni laina. Ukifika dukani utaonyeshwa vitu vitatu au vinne vyeusi vinavyofanana.

Cha kwanza ni nailoni ya ujenzi, ile inayowekwa chini ya sakafu ya nyumba kuzuia unyevu. Muuzaji atakuambia ni geji 1,000, na namba hiyo inasikika kubwa. Isikutishe. Geji 1,000 ni mikroni 250, yaani robo ya milimita. Geji 500 ni nusu ya hapo. Tena karatasi hiyo ilitengenezwa ikae chini ya saruji maisha yake yote, mahali ambapo jua halifiki. Ukiianika kwenye jua letu kando za kidimbwi, sehemu iliyo juu ya maji inakauka na kuvunjika kama jani la mgomba. Ni rahisi, na ndiyo inayowalaza watu.

Cha pili ni turubai la kufumwa, lile la kufunikia malori na mahema. Hilo linavuja kwenye mishono na nyuzi zake zinaoza. Lipeleke kwenye mahindi.

Cha tatu ni PVC. Hii ni laini, inakunjika vizuri kwenye kona, na ikitoboka inagundishwa kwa gundi yake. Lakini PVC hulainishwa kwa kemikali, na jua huzitoa kemikali hizo polepole mpaka karatasi ikawa ngumu na kupasuka. Tena si kila PVC inafaa viumbe hai. Ukiinunua, iwe imeandikwa wazi kuwa ni ya samaki au ya maji ya kunywa. Kama muuzaji anababaika kwenye swali hilo, ondoka.

Cha nne ni HDPE. Herufi hizo nne ziandikeni. Ni aina ya polithini ngumu, nyeusi kwa sababu imechanganywa na masizi maalumu yanayoikinga na jua. Hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye vidimbwi na mabwawa mengi ya wakulima nchini. Kwa maoni yangu, kwa kidimbwi kikubwa cha nyumbani hapa kwetu, ndiyo ya kununua. Ina shida zake: ni ngumu, haipendi kona kali, na gundi ya kawaida haishiki juu yake hata kidogo. Inaunganishwa kwa joto la mashine. Kwa hiyo kabla ya kulipa uliza: mtaniletea ikiwa kipande kimoja, au mtakuja na mashine kuunganisha shambani? Na ikitoboka baada ya mwaka, nani atakuja? Andika jibu na jina la aliyekujibu. Iko pia mpira unaoitwa EPDM, ambao ni mzuri sana kwa vidimbwi vya maua vya ng'ambo, unavutika na kudumu. Kwetu ni adimu na bei yake si ya mfugaji wa ngege.

Sasa unene. Kwa kidimbwi cha mita 300 za mraba kwenye udongo uliosafishwa vizuri, usishuke chini ya nusu milimita, yaani 0.5. Kwenye mashamba yetu ya changarawe na mawe, tafuta 0.75 au milimita 1. Karatasi ya 0.3 inatosha kidimbwi kidogo juu ya udongo laini, basi.

Hapa ndipo mwananchi anapopunjwa, kwa sababu macho hayawezi kutofautisha 0.3 na 0.5. Lakini rula na mizani vinaweza. Omba kipande cha karatasi ile ile utakayouziwa. Kikate vipande 10 vidogo, uvipange, uvibane kwa vidole, upime kwa rula ya mtoto wa shule. Kumi za 0.5 zitakuwa milimita 5. Kumi za 0.3 zitakuwa milimita 3. Tofauti hiyo hata mzee bila miwani ataiona.

Mizani ndiyo bora zaidi. Mita moja ya mraba ya HDPE ya 0.5 ina uzani wa kama gramu 470. Ya 0.3 ni kama gramu 280. Ya 0.75 ni kama gramu 700, na ya milimita 1 inakaribia kilo moja. Kwa hivyo laina ya mita 435 za mraba ya 0.5 ni zaidi ya kilo 200. Ikija imefungwa nyuma ya boda boda moja, hata kwa jinsi boda boda wetu wanavyobeba, jua kuna neno. Pima kabla ya kutia sahihi. Risiti iandikwe aina, unene, urefu na upana, isiandikwe tu "laina 1". Ukigundua umepunjwa kipimo, risiti hiyo ipeleke kwa maafisa wa mizani na vipimo wa kaunti. Bila maandishi hawana pa kuanzia.

Nimesema mita 435, na mtauliza imetoka wapi. Wauzaji wengi wana kanuni ya haraka: chukua urefu wa kidimbwi, ongeza kina mara mbili, ongeza mita moja kila upande ya kufukia, halafu fanya hivyo kwa upana. Kwa kidimbwi cha mita 20 kwa 15 chenye kina cha mita 1.5, kanuni hiyo inakupa 25 kwa 20, yaani mita 500 za mraba. Lakini kanuni hiyo ni ya shimo lenye kuta zilizosimama wima, na kidimbwi cha samaki kina kando zinazoteremka. Ukipima kidimbwi hicho kwa kamba, kuanzia mahali utakapofukia ukingo, ushuke nayo, uvuke sakafu, upande ng'ambo hadi utakapofukia tena, kamba itakuonyesha mita 23 na kidogo kwa upande mmoja na 18 na kidogo kwa mwingine. Agiza 23.5 kwa 18.5. Hiyo ni mita 435. Umebakisha mita 65 za mraba ambazo ungelipia na kuzikunja pembeni. Bei zinapanda na kushuka, na jarida hili hukaa kwenye nyumba miezi mingi, kwa hiyo zidisheni wenyewe 65 kwa bei mtakayoambiwa siku hiyo.

Maana yake ni hii: chimba kwanza, pima kwa kamba, ndipo ununue. Udongo wa mchanga hauwezi kusimama kwenye mteremko mkali, kwa hiyo kidimbwi chako huenda kikahitaji kando zilizolala zaidi kuliko mfano wangu, na hesabu ikabadilika. Kamba haitakudanganya.

Kuhusu kutandika nitakuwa mfupi, isipokuwa mambo machache yanayoharibu kazi nzuri. Ondoa mawe na mizizi yote. Pale jiwe ni la ardhini na halitoki, lifunike kwa mchanga au udongo laini, halafu magunia makuukuu au blanketi zilizochakaa. Nyasi na samadi chini ya laina zing'olewe kabisa, kwa sababu zikioza zinatoa hewa inayoinua karatasi. Na ndago, ile nyasi ya vitunguu vidogo chini ambayo kila mwenye shamba la mahindi anaijua, ina ncha kali inayotoboa plastiki kutoka chini. Shamba lenye ndago nyingi linataka palizi ya mara mbili kabla hujaleta laina.

Msiitandike saa saba mchana ikiwa imevutwa kama ngoma. Plastiki nyeusi ikipata joto inatanuka, usiku ikipoa inajivuta. Karatasi ya mita 20 inaweza kujivuta zaidi ya sentimita 10, na pa kuachia ni kwenye kona, ndipo inapochanika. Itandikeni asubuhi, iwe na ulegevu kidogo, mfanye kazi bila viatu. Kingo ziingie kwenye mtaro wenye kina cha sentimita 30 hadi 50 ulio hatua moja kutoka ukingoni, na msizifukie kabisa mpaka maji yameingia na uzito wake umeikalisha karatasi. Maji ya kuingia yasianguke moja kwa moja juu ya plastiki. Wekeni kipande cha ziada pale. Na kama mnaweza kuepuka kuitoboa ili kupitisha bomba la kutoa maji, epukeni. Tumieni pampu au mpira wa kuvuta maji kwa kupita juu ya ukingo. Tundu la bomba ndilo linaloanza kuvuja.

Sasa naomba tusikilizane kwa makini, hasa wazazi.

Kidimbwi cha udongo mtoto akiteleza ana mahali pa kushika: nyasi, tope, mzizi. Kidimbwi cha laina hakina. Ile plastiki ikilowa inateleza, na baada ya wiki chache inaota utelezi wa kijani ambao hata mtu mzima hawezi kuusimamia. Mtoto akiingia, kila akijaribu kupanda anarudi chini. Mwanamume anayejua kuogelea ziwani naye anaweza kushindwa kutoka, kwa sababu shida si kuogelea, shida ni ukingo. Na mtu akizama ndani ya boma hakuna mashua ya kumfuata. Pengine hakuna hata anayesikia, kwa sababu kidimbwi kiko nyuma ya nyumba na watu wamekwenda sokoni.

Kwa hiyo ukifanya bajeti ya laina, weka uzio kwenye bajeti ile ile. Usiseme uzio utakuja baada ya mavuno ya kwanza. Mavuno ya ngege ni miezi sita hadi minane, na miezi hiyo ni mirefu kwa mtoto wa miaka mitatu. Uzio si lazima uwe wa bei. Waya, fito, miiba, chochote ambacho mtoto hawezi kupenya, na lango linalofungika kwa juu. Ndani ya maji, katika pande mbili zinazotazamana, ning'iniza kamba nene zenye mafundo, zilizofungwa kwenye nguzo imara nje. Matairi makuukuu ya gari yaliyofungwa kwa mnyororo yakiteremka kandoni hadi sakafuni ni ngazi nzuri sana, na hayaharibu karatasi kama hayana waya zilizochomoza. Weka fito ndefu na kamba ya kurusha pale pale, isiwe ya kuanikia nguo. Mtu akizama, mrushie kamba. Usiruke naye kwenye utelezi mkawa wawili. Na mtoto asitumwe peke yake kulisha samaki, hata kama ni mtiifu. Huyo mtiifu ndiye atakayejaribu kuokota kopo lililoanguka.

Maafisa wetu wakija kukagua shamba lako wakikwambia hawatakupendekeza kwa vifaranga mpaka uweke uzio, usiwakasirikie.

Nirudi kwenye maji. Kidimbwi cha mita 300 za mraba chenye wastani wa kina cha mita moja kinameza lita 300,000. Hayo ni malori 30 ya lita 10,000. Fikiria maji yatatoka wapi kabla ya kufikiria laina. Kama ni mtoni, kuna utaratibu wa kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na afisa wa uvuvi atakuelekeza. Kama ni mvua, kila milimita moja ya mvua juu ya paa la mabati la mita 100 za mraba ni lita 100, na usisahau mvua inayonyesha moja kwa moja kidimbwini.

Na laina haizuii jua. Hata karatasi isiyo na tundu, maji yatashuka milimita tano au zaidi kwa siku ya jua kali na upepo. Kwa kidimbwi hicho ni lita 1,500 kila siku. Watu wengi wanapiga simu kwa muuzaji wakisema laina inavuja, kumbe ni jua. Jaribu hivi: chukua ndoo, ijaze maji, ipige mawe ndani isielee, uisimamishe kidimbwini ambapo maji hayaifuniki. Weka alama ya maji ndani ya ndoo na alama ya maji ya kidimbwi nje yake. Baada ya siku mbili bila mvua linganisha. Zikishuka sawa, ni jua. Kidimbwi kikishuka zaidi ya ndoo, una tundu, na litafute kwanza pale maji yanapoacha kushuka.

Jambo jingine, na hapa Kombewa sihitaji kulieleza sana. Hii ni sehemu iliyokuwa miongoni mwa vituo vya utafiti wa chanjo ya malaria ya RTS,S, na wako hapa akina mama ambao watoto wao walishiriki. Laina iliyotandikwa na kuachwa bila samaki, ikashika maji ya mvua, ni nyumba ya mbu. Mbu hawahitaji mita 300. Mkunjo mmoja kwenye kona unawatosha. Ukitandika leo na vifaranga vinakuja baada ya miezi miwili, usiache maji yakisimama humo. Ngege wakishaingia wanakula mabuu wengi, lakini fyeka nyasi za ukingoni zisilale majini, maana huko ndiko samaki hawafiki.

Neno fupi kwa walio kwenye vikundi. Mpango wa ABDP, ambao unafadhiliwa na IFAD pamoja na Serikali ya Kenya, umekuwa ukifanya kazi katika kaunti 15, Kisumu ikiwemo, na wafugaji wadogo wamesaidiwa, pamoja na mambo mengine, kwa laina. Laina ya msaada ni nzuri. Lakini hata ya bure ina swali lile lile: shamba lako linaihitaji? Kikundi kikiandikisha wanachama 20 na 12 kati yao wana mfinyanzi, msiombe laina 20 ili zigawanywe sawa. Ombeni 8, na hao 12 ombeni kitu kingine kinachowafaa. Najua haki ndani ya chama inapimwa kwa kila mtu kupata sawa. Samaki hawajui hilo.

Kuna aliyeniuliza kabla ya mkutano kuhusu laina zilizokwisha kazi, kama sheria ya plastiki inazikataza. Marufuku ya Agosti 2017 ilihusu mifuko, haikuhusu laina. Lakini usiichome, moshi wake mnajua ulivyo. Ioshe, ifunike nyasi za ng'ombe au mahindi yasinyeshewe. Iliyochakaa kabisa iuze kwa wanaonunua plastiki chakavu.

Mengine waulizeni maafisa sasa hivi, msisubiri niondoke. Ukija ofisini ya uvuvi ya kaunti ndogo kuomba ukaguzi, njoo ukiwa umechimba lile shimo la kiuno na umeliangalia usiku mmoja. Sema maji yalishuka kiasi gani. Afisa ataanzia hapo. Nimeleta pia vipande viwili vyeusi, viko pale mezani pamoja na rula. Kimoja ni 0.3 na kingine ni 0.5, na sijaviandika. Njooni mseme kipi ni kipi.